Uzio wa Timbo

Jumatatu, 3 Februari

Matenga manne leo. La tano nimefika kitako tu, vidole vya kulia vikagoma. Mteja wa Thika anataka kumi kabla ya Jumamosi, kuku wake wasafiri. Kuku wangejua nani huwasukia wangenidonoa.

Kalenda ya mafuta ya kupikia bado iko ukutani. Ya zamani, tarehe zake hazina kazi tena. Naiweka kwa ajili ya picha. Bahari, na miti imesimamishwa majini imepangwa kama mshale, na mwisho wake kibanda. Chini, kwa herufi za kuumiza macho: Kelong, Malaysia. Nimeiangalia nikisuka mpaka najua ni miti mingapi imeinama. Kumi na mmoja.

Mwezi uliopita niliibeba hadi kwa Athumani, anayeuza kahawa karibu na soko la Thika. Yeye ni mtu wa Vanga, pwani. Akaitazama mara moja tu. "Huu ni uzio, mama Njoki. Babu yangu alikuwa nao, akinasia samaki. Hao Wamalesia na sisi tumesoma darasa moja."

Uzio. Nimelirudia neno njia nzima hadi Ruiru. Huku kwetu tunasema fensi, au ua, au seng'enge, kulingana na mfuko wako. Hakuna anayesema uzio. Nimefurahi kama mtu aliyeokota.

Nimeamua. Nitajenga mmoja kwenye timbo.

Alhamisi, 6 Februari

Timbo letu la Gitothua lilitoa mawe mpaka mashine zikafika kwenye chemchemi. Wenye mashine wakaondoka, maji yakabaki. Ardhi ni ya umma, maana yake ni ya kila mtu hadi mtu aitake. Mama fua wanafua kando. Ngege waliingia mwaka ule mto ulipofurika, na hakuna anayewavua vizuri, kwa sababu upande mmoja ni ukuta wa jiwe na ndoano zinanasa.

Mimi nautaka ule mteremko ambao lori zilikuwa zikishukia. Maji yanaanza kifundoni, yanafika kifuani. Shida ni kwamba chini ni jiwe. Mti hausimami kwenye jiwe. Nimewaza siku tatu. Jawabu ni mikebe ya rangi: mti ndani, simiti juu, wacha ikauke, kila mti unakuja na shamba lake. Sijui kama Malaysia wana mikebe. Wao wana matope, wabarikiwe.

Nyambura amenisaidia kubeba mikebe kumi na miwili ya kwanza kutoka kwa fundi wa rangi. Amelalamika njia yote. "Wee mama Njoki, Ngai alikupa akili ya mtu wawili na kazi ya kuku." Nilicheka mpaka nikaweka mkebe chini.

Miaka ishirini na miwili na huyu mwanamke. Tulikutana tukichuma kahawa kwenye shamba ambalo sasa ni maghorofa. Nikipata samaki, kichwa ni chake. Anakipenda kuliko mwili. Mimi sijawahi kuonja kichwa. Nampa tu, na naona raha kumtazama akikila.

Jumapili, 9 Februari

Mama fua wamelalamika. Miti itararua mashuka ya wenyewe. Nikawaambia uzio uko upande wa pili wa maji. Wanasema mzee wa mtaa naye ameuliza nani ametoa ruhusa.

Nyambura ni katibu wa kikundi chao. Amekuja baada ya kanisa, bado amevaa kofia. "Andika barua kwa chifu, watu watie sahihi, iishe. Wewe ndio uko na Kiswahili ya Mombasa." Kweli ninayo. Sikuipata shuleni, shule niliiacha darasa la sita. Niliipata kwenye magazeti ya kufungia nyama na kwenye redio. Nimesoma habari nyingi zilizoishia kwenye mafuta.

Tumeandika pamoja mezani. Nimenakili hapa, kwa sababu imetoka vizuri:

Kwa Chifu. Sisi tunaotumia maji ya timbo tumekubali kuwekwe uzio mahali hapo. Uzio huo hautamzuia mtu kufua wala kuteka. Mlango wake hautafungwa mchana wala usiku, kwa kuwa wanaoingia huingia kwa hiari yao.

Nilitaka kuandika samaki. Nyambura akanishika mkono. "Usitaje samaki. Watu wa samaki watasikia, watakuja na leseni na mabuti yao. Uzio si inatosha?" Nikaona ni hekima. Uzio unatosha. Aliye na masikio atajua.

Ule mstari wa mlango ulimchekesha. "Mlango gani haifungwi? Unaleta mashairi kwa chifu." Sikuondoa. Ndiyo siri yote ya uzio. Samaki akigonga ukuta wa fito harudi alikotoka. Anageukia kilindini, kwa sababu huko ndiko alikozoea kuwa salama. Ukuta unamsindikiza mpaka chumbani, mwisho wa mshale. Mlango uko wazi siku zote, anaweza kutoka akitaka. Ila kingo za mlango zimekunjwa kwa ndani, na yeye anazunguka akifuata ukuta, kwa hivyo kila mzunguko anaupita bila kuuona.

Nyambura akasema, "Acha basi, ni Kiswahili tu."

Jumanne, 11 Februari

Sahihi thelathini na moja. Wawili kwa dole gumba. Nilienda mlango kwa mlango mwenyewe. Mama Kamau, mkubwa wa mama fua, mwanamke asiyemwamini hata daktari, hakusoma. "Kama ni wewe umeandika, leta kalamu." Nimelala na hiyo sentensi kama mto.

Nyambura ameichukua barua kuipeleka kwa chifu. Mimi nina matenga.

Jumamosi, 15 Februari

Uzio umesimama. Miti arobaini kwenye mikebe arobaini, fito katikati, kamba ya mkonge. Hauko kama mshale. Uko kama mshale uliokanyagwa na ng'ombe. Maji yamenifika kwapani na sijui kuogelea. Mama Kamau amekaa kando akinitazama, akasema nikizama atanifulia nguo za kuzikwa nazo, bure.

Nilichopata siku ya kwanza: ndara moja. Ya kushoto.

Jumanne, 18 Februari

Ngege watano! Mmoja ni mpana kama sahani. Wanazunguka chumbani vile vile kama nilivyowaza nikiangalia kalenda, wakipita mlango, wakipita mlango. Nimesimama majini nikicheka peke yangu.

Watatu kwa mama fua waliotia sahihi kwanza. Wawili kwangu. Vichwa vyote viwili kwa Nyambura. Amevila mpaka mifupa ikakauka, halafu akaweka mikono yake mezani. Mikono imeliwa na sabuni, kucha mbili hazioti tena. Nikamwuliza kama chifu amejibu. Akasema amekubali, barua iko na muhuri. Hakuniangalia. Nilidhani ni mfupa umemkwama.

Ijumaa, 28 Februari

Wanaume wanne timboni na utepe wa kupimia. Wamepima kando ya maji, si ndani. Mwenye boza, yule Gitau anayeuza maji kwenye maghorofa, amesimama akiwaonyesha kwa kidole. Nilidhani ni barabara.

Nyambura hajaja wiki nzima. Leo nimempata dukani. Amenisalimu kwa majina yote mawili, akauliza Njoki anaendeleaje kazini, akauliza mgongo, akauliza mvua. Katika miaka ishirini na miwili hajawahi kuniuliza mvua. Mtu akikusalimu vizuri sana, kagua kama bado una viatu.

Jumatatu, 3 Machi

Nguzo za chuma. Seng'enge mistari minane. Geti la mabati lenye kufuli. Timbo lote limezungushwa, na uzio wangu uko ndani pamoja na chochote kilichoingia jana.

Mama fua wamesimama nje na mabeseni vichwani. Mlinzi amesema atakayetaka maji atanunua kwa boza kama watu wa maghorofa. Mama Kamau amemwuliza kwa ruhusa ya nani. "Yenu. Mlikubali wote." Akatoa karatasi kwenye nailoni.

Kwa mbali niliutambua mkia wa herufi y. Ninaandika y kama ndoano. Ni nakala ya barua yangu. Tumekubali kuwekwe uzio mahali hapo. Muhuri wa chifu. Sahihi thelathini na moja.

Wote wakageuka kuniangalia.

Jumatano, 5 Machi

Nimeenda kwa Nyambura. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi, nimeyapoteza mlangoni. Ufunguo wa geti uko shingoni mwake, kwenye uzi wa viatu. Mpya, unang'aa.

"Si wewe uliandika uzio?" akasema kabla sijakaa. "Chifu aliuliza uzio ni nini. Nikamwambia ni fensi. Fungua kamusi uone kama nilidanganya."

Hakudanganya. Hilo ndilo linaniuma. Kamusi iko upande wake.

Nikamwuliza ni lini. Kabla ya barua au baada? Akajibu: Kabla. Gitau alimwendea Januari. Alihitaji karatasi yenye sahihi za watu wa timbo, na hakuna ambaye angemtilia Gitau sahihi. Wangemtilia mtu wanayemwamini.

Kwa hivyo usitaje samaki. Kwa hivyo wewe ndio uko na Kiswahili. Kwa hivyo hata mikebe alinibebea.

"Nimefulia watu nusu ya maisha yangu, mama Njoki. Angalia hii mikono. Gitau amenipa kiti. Kiti! Nakaa tu."

Nilitaka kumwambia angeniomba kiti ningemsukia. Nimetoka bila kuaga.

Nimesalitiwa. Nimeliandika nione linavyokaa. Linakaa vizuri.

Alhamisi, 6 Machi

Mtu amemwaga maji machafu ya sabuni mlangoni pangu. Maji ya kununua kwa boza, kwa hivyo ametumia gharama. Nimeshukuru heshima.

Pale dukani Mama Kamau amesema kwa sauti, "Mpisheni mwalimu wa Kiswahili. Mwalimu, leo unatuandikia nini? Tukuletee kalamu?" Wote wakacheka, hata muuza duka ambaye ananiuzia chumvi tangu hajaota ndevu. Hawaamini kwamba sikujua. Na ningekuwa wao nisingeamini. Mkono ni wangu, neno ni langu, mlango kwa mlango nilienda mimi.

Kurudisha sahihi zao siwezi. Wasipoingia timboni wiki mbili hizi watapoteza wateja wa nguo, na wakipoteza wateja, Mama Kamau ana wajukuu wanne nyumbani.

Ijumaa, 7 Machi

Nimesuka tu.

Jumamosi, 8 Machi

Matenga sita Thika. Baadaye nikaenda kwa Athumani, nikamweleza yote. Alicheka kwanza. Uzio umekuwa fensi! Halafu akaona uso wangu akaacha, akaniongezea kahawa bila kuniuliza.

Akasema, kama mtu anayejisemea, "Lakini fensi na mlango usiofungwa, hiyo nayo ni fensi gani?"

Nikamwuliza ameujua mlango vipi. Sikuwa nimemsomea barua. Akasema uzio wowote ni hivyo, mlango wake haufungwi, ukifungwa unakuwa boma. Sasa boma la nini majini?

Nikatoa daftari hili kwenye mfuko. Tarehe 9 Februari. Mlango wake hautafungwa mchana wala usiku. Nimeisoma mara tatu na kahawa ikapoa. Nyambura alicheka mstari huo. Hakuuogopa. Aliuona ni mashairi, akaupitisha na muhuri.

Sijacheka bado. Lakini naweza.

Jumatano, 12 Machi

Baraza kwa chifu. Niliomba mwenyewe. Mama fua walikuja wote, si kwa ajili yangu, walikuja kuniona nikiaibika. Nyambura alikaa upande wa Gitau, kofia ya kanisa kichwani.

Nikamwomba chifu asome barua yote kwa sauti. Akasoma mstari wa kwanza, Gitau akatikisa kichwa kuafiki. Wa pili, hautamzuia mtu kufua wala kuteka. Gitau akaacha kutikisa. Wa tatu, mlango. Chifu akaurudia peke yake, polepole, kama mtu aliyeng'ata jiwe kwenye maharagwe.

Gitau akasimama. "Aca, aca! Hapana, mheshimiwa, hiyo ni mambo ya samaki! Kila mtu anajua huyu mama ako na mtego pale ndani. Barua ni ya mtego."

Nikamshukuru. Nikasema, ikiwa barua ni ya samaki, basi fensi yake haina ruhusa ya mtu yeyote, aing'oe leo. Ikiwa barua ni ya fensi, basi geti halifungwi, mchana wala usiku, imepigwa muhuri. Achague. Mimi maana zote mbili ni zangu, nimeziandika.

Chifu alivua miwani, akaipangusa, akaivaa. Akauliza hao wanaoingia kwa hiari yao ni akina nani hasa. Nikasema Kiswahili hakibagui, samaki na binadamu wote huingia kwa neno moja. Hapo Mama Kamau akacheka, kile kicheko chake cha kuangusha beseni, na wengine wakamfuata.

Gitau ameshachimbia tangi lake mle ndani, hawezi kung'oa fensi na kubaki bila karatasi. Amechagua geti. Kufuli imetolewa mbele yetu. Chifu ameandika pembeni ya barua kwamba mtu yeyote wa mtaa ataingia kufua na kuteka bila kulipa.

Wakati wa kutoka Mama Kamau alinipita bila kusimama. "Mwalimu. Kesho njoo utoe ile miti yako kwa njia, inaziba jua." Hiyo ndiyo samahani yake. Nimeichukua.

Nyambura alibaki amekaa. Nilidhani ningefurahi. Nimejikagua mara kadhaa, sijaipata hiyo furaha.

Ijumaa, 14 Machi

Nimeenda timboni asubuhi, jua likiwa juu ya tangi la Gitau. Geti liko wazi. Mama fua wameshafika, mashuka yameanikwa juu ya seng'enge. Wanasema hawajawahi kuwa na kamba nzuri kama hiyo.

Nyambura yuko getini kwenye kiti chake cha plastiki. Gitau hajamwambia aondoke, na hakuna la kufungua wala kufunga. Ufunguo bado uko shingoni. Mama fua wanampita kama unavyopitwa mti. Mimi nikapita. Nilimwona akifungua mdomo, nikaangalia mbele. Sijui alitaka kusema nini. Huenda angeniuliza mvua.

Uzio umeinama, siku kumi bila mtu. Kamba mbili zimeoza. Chumbani ngege watatu, wamekonda kwa kuzunguka. Nimewatoa wote. Nimefunga kamba mpya. Mkebe mmoja umepinduka, nimeusimamisha.

Wakati wa kutoka nilikuwa nao mkononi kwenye kamba, vichwa juu. Nimepita mbele yake. Hatua zangu zilipungua zenyewe pale getini, kwa mazoea. Nikaendelea.

Wawili nimempelekea Mama Kamau. Mmoja nimempika kwa nyanya na dania. Kichwa nimekila mimi, mara ya kwanza. Mifupa mingi, kazi nyingi. Utamu wenyewe uko nyuma ya shavu, kipande kidogo kama ncha ya kidole.

Miaka ishirini na miwili. Hakuwahi kuniambia.